Mashine ya Geneva haiwezi kuimeza dunia

Tangu mwaka 2008, mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilipowashwa karibu na Geneva, husikika hata huku Goma imani kwamba wanafizikia wa chembe, kwa kugonganisha protoni ndani ya njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27, wanaweza kuumba shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka, litakaloimeza dunia. Kwa watu wanaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo, walioiona lava ikiingia mjini mwaka 2002, hofu ya namna hiyo inastahili kujibiwa kikamilifu, wala si kubezwa.

Mwaka 1912 Victor Hess, mwanafizikia wa majaribio kutoka Austria, alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vyombo vyake vya kupimia, akakuta kwamba huko juu mnururisho ni mkali zaidi kuliko ardhini, yaani chanzo chake kiko nje ya dunia. Leo inajulikana kwamba mnururisho huo ni chembe zitokazo anga za mbali, na kwamba baadhi ya chembe hizo huligonga anga letu kwa nishati inayoipita kwa mbali ile ya mashine, na zimefanya hivyo kwa mabilioni ya miaka bila dunia kumezwa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni ya maana, kwamba shimo lililozaliwa angani lingepita kwa kasi na kutokomea, ilhali la mashine lingeweza kubaki. Lakini chembe hizohizo hugonga pia nyota za nyutroni, yaani viini vilivyosalia vya nyota kubwa zilizolipuka, ambazo kwa msongamano wake mkubwa zingelinasa shimo hilo, na nyota hizo za kale bado zipo.