Lala Mandara siku mbili, msitu wenyewe unatosha

Wageni wengi wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wanafika Mandara, kituo cha kwanza cha vibanda, mchana, wanapewa chai na bisi, wanazunguka kidogo na simu wanapiga picha mbili tatu, wanakula, wanalala, na saa mbili asubuhi wameshabeba mabegi wanaelekea Horombo, kituo cha pili. Hata Watanzania wenzangu, wale wanaokuja kwa vikundi vya ofisini kila Desemba, ni hivyo hivyo, Mandara kwao ni usiku wa kwanza tu basi. Mimi kazi yangu ni kuongoza watu mlimani na kabla ya hapo nilisomea misitu pale chuo cha Olmotonyi, na nikikaa na mtu anaeniuliza aanzie wapi mlimani huwa namwambia njoo ulale Mandara siku mbili halafu teremka urudi nyumbani, kilele utakikuta mwaka mwingine.

Nianze na vibanda vyenyewe. Mandara ipo mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, bado uko ndani ya msitu ila umekaribia pale unapoishia. Kibanda cha kwanza cha wapanda mlima eneo hili kilijengwa na Wajerumani mwaka 1912, wakakiita Bismarck, na cha pili wakakijenga juu zaidi, kama mita 3,720, wakakipa jina la Peters. Huyo ni Carl Peters, Mkono wa Damu mwenyewe, ambaye alipokuwa kamishna wa Kilimanjaro alimnyonga mtumishi wake Mabruk na binti mmoja aliyeitwa Jagodja, na mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi. Kwa hiyo watu wetu walikuwa wanabeba mizigo ya Wazungu kwenda kulala kwenye kibanda chenye jina la mtu wa namna hiyo. Majina yakaja kubadilishwa, na mimi nafurahi sana kila nikiyatamka haya mapya, cha chini Mandara, yaani Rindi, Mangi (chifu wa Kichaga) wa Moshi ile ya zamani, cha juu Horombo, Mangi wa Keni kule Rombo. Mgeni akilala hapa inabidi ajue analala kwenye jina la nani.

Vibanda mnavyoviona leo sio vile vya Mjerumani. Hivi vya mbao, vya pembe tatu, vilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei, miaka ile ile ambayo hifadhi ilianzishwa (ilitangazwa 1973, ikafunguliwa rasmi 1977). Na Wanorwei mbao wanazijua. Angalia umbo lake, paa linashuka mpaka karibu na sakafu, ukuta wa pembeni ni kama haupo, na hiyo ina sababu zake. Huku kwenye msitu wa kusini mwa mlima mvua inanyesha zaidi ya mita mbili kwa mwaka, sasa paa likiwa mteremko mkali maji hayapati muda wa kukaa, yanashuka yanaenda zake, na mbao ambayo haikai na maji haiozi haraka. Pia chumba chenye umbo hilo kina hewa kidogo ya kupasha joto kuliko chumba cha mraba cha upana ule ule, na kwa vile hakuna jiko wala moto ndani, kinachopasha joto humo ni miili yenu tu. Ndio maana vimegawanywa vidogo vidogo vya watu wanne. Ukiingia unakuta magodoro matatu chini na kitanda kimoja juu kule nyuma, taa ndogo ya sola, mlango, kidirisha, mwisho. Hewa ya joto inapanda juu, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa baridi gombea kile cha juu, ila ukiwa mtu wa kuamka usiku kwenda chooni lala chini, maana choo kiko nje na kushuka pale gizani bila kumkanyaga mwenzako ni kazi.

Na utaamka, nakwambia. Mwinuko unafanya figo zitoe maji zaidi, halafu mchana mzima guide alikuwa anakulazimisha kunywa maji, kwa hiyo saa nane usiku utakuwa nje na tochi ya kichwani. Hewa pale juu ina msukumo wa karibu robo tatu ya ile ya Dar au Tanga, mwili unaisikia kidogo, wengine wanapata kichwa chepesi, wengi hawapati kitu.

Sasa kuhusu unyevu, na hapa ndipo watu wanaharibu usiku wao. Moshi mjini na Mandara wamepishana karibu mita 1,800, na kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6, kwa hiyo chukua hali ya Moshi usiku uliotoka toa nyuzi 11 hivi, hapo ndio ulipo. Watu wanasikia baridi wanaziba kila tundu, wanafunga kidirisha, wananing'iniza masoksi na majaketi yaliyolowa humo humo ndani, halafu watu wanne wanalala wanapumua. Watu wanne wakipumua usiku kucha wanatoa maji mengi kwenda hewani, na yale maji lazima yatue mahali, yanatua kwenye kitu cha baridi kuliko vyote ambacho ni ubao wa paa juu ya uso wako. Asubuhi piga tochi usawa wa kichwa utayaona, vitone vidogo vimejipanga kwenye maungio ya mbao, vingine vimeshika kichwa cha msumari, kimoja kinakua kinakua mpaka kinaanguka kwenye slipingi begi. Halafu mtu anaamka analalamika eti paa linavuja, wakati paa liko salama kabisa. Acha kidirisha wazi upana wa vidole viwili, nguo mbichi zifunge kwenye mfuko wa plastiki, za kulalia ziwe hazijawahi kutoka kwenye begi tangu getini, utalala vizuri. Na kula vizuri kabla ya kulala, wali na mchuzi wa moto pale mesi usiuchezee, huo ndio jiko lako la usiku.

Kuna wanaouliza mbona hatuwashi moto, kibanda cha msituni bila moto kina raha gani. Zamani moto uliwashwa sana mlimani, kuni zilitoka humu humu msituni, na siku hizi ni marufuku, tunapika kwa gesi. Mimi naiunga mkono hiyo marufuku kwa roho yote na sababu yake unaiona ukitoka nje ya mlango asubuhi.

Toka kama saa kumi na mbili na nusu. Mara nyingi asubuhi mapema kunakuwa peupe, mawingu yako chini ya miguu yako kule Himo na Taveta, halafu kadiri jua linavyopanda na mawingu nayo yanapanda, ikifika mchana yameingia kati ya miti na huoni hatua thelathini mbele. Wageni wanachukia huo ukungu kwa sababu picha haitoki. Lakini simama chini ya mti wenye zile ndevu, zile nyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia kwenye matawi, uangalie uzi mmoja tu kwa karibu. Mvua hainyeshi, hakuna hata tone linaloanguka kutoka juu, ila ule uzi unalowa, ukungu unapita unaacha chembe za maji, zinaungana, zinateleza mpaka ncha, tone linadondoka kwenye kuvu na mboji chini. Sasa zidisha kwa kila uzi, kila jani, kila gome lenye ukoga, mlima mzima. Msitu unakamua mawingu. Maji hayo yanaingia kwenye udongo, yanatokea chini kama chemchemi na vijito, ndiyo yanayoingia kwenye mifongo (mifereji ya asili) ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vya Marangu na Mamba, ndiyo yanayoshuka mpaka mto Pangani. Watu wanalia sana na theluji ya Kibo na mimi pia inaniuma, lakini watafiti waliokaa na mlima huu miaka mingi wameonyesha kwamba kinachoumiza maji yetu zaidi ni ile misitu ya juu iliyoungua, mierika mikubwa, ile miti ya majani madogo madogo inayoota pale msitu unapoishia, kwa sababu ikiungua ukungu unapita hivi hivi bila kukamatwa. Mnakumbuka Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, pale watu wanapopumzika kula katikati ya Mandara na Horombo. Ukipita pale bado unaona. Kwa hiyo mtu akiniambia nimuwashie moto kidogo tu wa kuota, jibu ni hapana, na nitamuongezea chai.

Ndio maana nasema siku mbili. Siku ya kwanza ni ya kupanda, kutoka getini ni kama kilomita nane, masaa matatu manne ukitembea taratibu, na kuna njia mbili, ya wagumu wanaobeba mizigo na ile ya watembeaji inayopita pembeni kwa kijito, wewe pita hii ya pili upumzike Kisambioni. Usiwe na haraka. Kwenye kingo za njia sehemu zenye unyevu tafuta ua dogo jekundu lenye njano, nyuma lina kamkia kamejikunja, hilo kitaalamu linaitwa Impatiens kilimanjari na duniani kote linaota mlima huu tu. Watu wanalipita na fimbo zao wanaangalia visigino vya mtu wa mbele! Mimi huwa nawasimamisha wote, wainame, walitazame, wasilichume. Juu ya vichwa vyenu kuna mikulo na mipodo, mengine mashina yake watu wawili hamuyakumbati, na ndani ya mlima huu huu kwenye korongo moja kuna mti uliopimwa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika, habari yake ilitangazwa 2016. Msitu huu uliingizwa rasmi kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005 tu, kabla ya hapo hifadhi ilikuwa inaanzia juu, na nadhani hilo limechangia watu kuuona kama korido ya kupita kwenda kwenye "mlima wenyewe".

Siku ya pili hamna mzigo hamna haraka, na hiyo ndio siku yenyewe. Asubuhi nenda kreta ya Maundi, dakika ishirini thelathini tu kutoka vibandani, zunguka ukingo wake, kukiwa peupe unaona Kibo na Mawenzi upande mmoja na upande mwingine tambarare ya Kenya imelala mpaka kule mbali. Hapo ndipo unaona kwa macho msitu unavyoishia na mierika inavyoanza, ni kama hatua mia hivi umebadilisha dunia. Rudi ukae kwenye ngazi za kibanda usifanye kitu. Mbega weusi kwa weupe watakuja wenyewe, wanakula majani, hawana shida na mtu, ukibahatika unawaona wanaruka na zile mbawa zao za manyoya. Kima hao wengine ni wajanja, wanajua mfuko wa karanga unavyolia, usiwape chakula hata wakikuangalia kwa huruma, maana kima aliyezoea kupewa anaishia kuingia ndani na kung'ata mtu. Panya wadogo wenye mistari mgongoni nao wapo, mchana kabisa wanapita chini ya ngazi, chakula chochote kifunge. Sikiliza pia shorobo, ndege wa kijani anayelia kwa sauti nzito ya kukwaruza, akiruka unaona wekundu chini ya mabawa sekunde moja tu.

Intaneti msiitegemee sana, ingawa mwaka 2022 mawasiliano yalifikishwa Horombo. Mimi ningesema zima simu lakini najua hamtazima, basi angalau beba betri ya ziada na ulale nayo ndani ya slipingi begi, baridi inakula chaji.

Kuhusu kupanga safari. Huwezi kwenda peke yako, lazima guide mwenye leseni, na Watanzania na wana Afrika Mashariki wengine bei yao ni ya chini sana kuliko ya mgeni wa nje, nenda na kitambulisho halisi sio picha kwenye simu. Viwango vinabadilika kwa hiyo ulizia kipindi unachotaka kwenda. Mwambie mtu wa kampuni mapema kabisa, na kwa msisitizo, kwamba unataka Mandara siku mbili bila kilele, maana wengine hawajazoea kuulizwa hivyo na watajaribu kukuuzia siku tano au sita. Vitanda vya Mandara si vingi, Julai, Agosti na kuelekea mwaka mpya vinajaa. Masika kuanzia Machi mpaka Mei kuna nafasi tele na msitu unakuwa na uhai wake wote, ila njia ni tope na mizizi inateleza, njoo na buti zilizoshika vizuri na fimbo, na nguo za kubadilisha zidisha mara mbili ya unavyodhani. Ukiwa na watoto wa miaka kumi na kuendelea wanamudu vizuri, mzee mwenye magoti apewe siku nzima ya kupanda na atafika, nimewafikisha wengi tu, na wengi wao kilele hawakukiulizia tena.