Kura ya Agosti 4, 1914: someni kumbukumbu kabla ya kuhukumu

Kila inapokaribia Februari 27, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji kule Songea, dawati letu la nyaraka hupokea swali lilelile: kama wasoshalisti wa Ujerumani walipinga vita vya makoloni, iweje mwaka 1914 wakaidhinisha fedha za Vita Kuu? Swali ni zuri. Majibu yanayozunguka mitandaoni ndiyo yenye kasoro.

Kwanza, chama chao, SPD, hakikuwahi kukataa silaha. Programu yake ya Erfurt ya mwaka 1891 ilitaka wananchi wote wafunzwe vita, na mgambo wa wananchi uchukue nafasi ya jeshi la kudumu. Walichopinga ni jeshi lililomtii Kaisari, mfalme wa Ujerumani. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Pili, utaratibu. Serikali haikuweza kugharimia vita bila idhini ya Bunge, Reichstag. Muswada wa fedha ulisomwa mara tatu, ukajadiliwa, ndipo ukapigiwa kura. Huko ndiko SPD walikokuwa na meno. Mwaka 1896 August Bebel, kiongozi wa SPD, alimuumbua bungeni Carl Peters, ofisa wa kikoloni, kwa unyongaji alioufanya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi. Desemba 13, 1906, wakati vita vya Majimaji bado havijazimwa, SPD na chama cha Wakatoliki walikataa fedha za nyongeza za vita vya Afrika Kusini-Magharibi (leo Namibia), kura 177 kwa 168. Bunge likavunjwa siku hiyohiyo. Katika uchaguzi wa Januari 1907 viti vya SPD vilishuka kutoka 81 hadi 43, ingawa kura zao ziliongezeka.

Kipigo hicho kiliacha kovu la kuogopa kuitwa maadui wa taifa. Miezi mitatu baadaye mbunge wao Gustav Noske alisimama bungeni kusema chama chake nacho kinataka Ujerumani yenye uwezo wa kujilinda. Mwaka 1913 walipinga muswada wa kupanua jeshi, lakini wakaunga mkono kodi ya mali ya kuligharimia, kwa kuwa iliwabana matajiri. Kitengo chetu hakihukumu chama chochote cha siasa. Mimi binafsi naamini mlango wa kura ya 1914 ulifunguliwa hapo.

Tatu, adhabu za waliopinga vita, maana zinachanganywa sana. Karl Liebknecht, mwanachama wa SPD, alihukumiwa mara mbili. Mwaka 1907, kwa kitabu chake dhidi ya ubabe wa kijeshi, mahakama ya Leipzig ilimpa miezi 18 ya kifungo cha ngome. Hicho kilikuwa kifungo cha heshima: hakikuwa na kazi ngumu. Mwaka 1916, baada ya kupaza sauti dhidi ya vita katika uwanja wa Potsdamer Platz, alipewa miaka miwili na nusu ya kazi ngumu. Rufaa ikaongeza hadi miaka minne na mwezi mmoja, na akavuliwa haki za kiraia. Tafadhali msiziandike kama hukumu moja.

Agosti 3, 1914, wabunge wa SPD walikutana faraghani: 78 waliunga mkono fedha za vita, 14 walipinga. Hoja iliyowavuta wengi ilikuwa hofu ya majeshi ya mfalme wa Urusi. Kesho yake, kwa nidhamu ya chama, wote walikubali marki bilioni 5. Hugo Haase, mwenyekiti mwenza wa chama na mmoja wa wale 14, ndiye aliyesoma tamko la kukubali. Liebknecht naye alikubali, ingawa bado tunaletewa insha zinazodai alikataa siku hiyo. Na Rosa Luxemburg, mwanachama maarufu wa SPD aliyepinga vita, hakupiga kura yoyote: hakuwa mbunge, na wanawake wa Ujerumani hawakuwa na haki hiyo hadi 1918.

Liebknecht alikataa fedha za vita Desemba 2, 1914, akiwa peke yake. Aliwasilisha maelezo yake kwa maandishi, na spika akakataa yaingizwe kwenye kumbukumbu rasmi za kikao. Wanaokuja kwetu kuyatafuta humo hawatayaona. Yalisambazwa kwa siri, kwenye vikaratasi.