Je, wajua kwa nini magazeti ya Kiingereza husema meli "inazama" ilhali imeshazama?

Tarehe 16 Aprili 1912 gazeti la The New York Times lilitoka na kichwa kilichoanza hivi: "Titanic Sinks Four Hours After Hitting Iceberg". Yaani Titanic inazama, muda wa saa nne baada ya kugonga mwamba wa barafu. Kwanza muda wenyewe haukuwa sahihi, maana kutoka kugonga hadi kuzama zilipita kama saa mbili na dakika arobaini. Pili, msomaji aliponunua gazeti lile, meli ilikuwa imelala chini ya Atlantiki tangu usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa nini basi "sinks" na si "sank"?

Wengi hujibu haraka: kubana nafasi. Jibu hilo lina ukweli kiasi. Enzi zile kurasa zilipangwa kwa herufi za madini ya risasi ndani ya safu nyembamba, na neno lililozidi safu halikuwa na pa kwenda. Vijineno kama "the" na "a" vikaachwa. Lakini hebu hesabu: "sinks" ina herufi 5, "sank" ina 4. Aliyetafuta nafasi tu angechagua ya pili.

Kwa maoni yangu uzito wa jambo uko kwenye kitenzi kingine, kile cha kila siku kabisa, "is" na "was". Kwa kawaida Kiingereza hukitumia kusema "alipigwa risasi": "was shot". Kichwa cha habari hukiangusha, na kinachobaki ni "shot", neno lilelile lenye maana ya "alipiga risasi". Tazama The New York Times la tarehe 15 Aprili 1865. Juu kabisa paliandikwa "Awful Event", tukio la kutisha, bila kitenzi chochote. Chini yake: "President Lincoln Shot by an Assassin", yaani Lincoln, Rais wa Marekani, apigwa risasi na muuaji. Ukiishia kwenye "Lincoln Shot", hujui kama Rais ndiye aliyefyatua au ndiye aliyepigwa. Maneno "by an Assassin" ndiyo yanayokuokoa.

Sasa ukimpa mtendaji wakati uliopo, utata unaondoka. "Shoots" ni aliyepiga, "shot" ni aliyepigwa. Ya kesho yakapewa "to" na kitenzi kitupu. Nyakati tatu zikaenea katika mstari mmoja bila "is" wala "was" wala "will".

Wakati uliopo pia huleta tukio mbele ya macho, na huzungumza kwa uhakika mkubwa, wakati mwingine kupita kiasi. Tarehe 3 Novemba 1948 Chicago Daily Tribune liliandika "Dewey Defeats Truman", Dewey amshinda Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani. Aliyeshinda ni Truman, akapigwa picha akitabasamu na gazeti hilo mikononi.

Si kila mhariri aliyekiangusha kile kitenzi "is". Rais Kennedy wa Marekani alipouawa mwaka 1963, The New York Times liliandika "Kennedy Is Killed by Sniper". "Is" ikabaki mahali pake, na kwangu inaupa msiba ule utulivu unaoustahili. Ndani ya habari zenyewe, mambo hurudi kawaida. Telegramu ya kwanza ya Lawrence Gobright, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, usiku ule wa Lincoln ilisema Rais "was shot".

Sisi nasi tuna mtindo wetu. "Mafuriko yaua watatu", "Kocha afukuzwa": hiyo ni -a- ya wakati uliopo, na habari ni za jana. Ya kesho hupewa ku-: "Rais kuhutubia taifa". Utata wa mpigaji na mpigwaji hatuna, kwa kuwa -w- ya kutendwa iko palepale ndani ya kitenzi. Wa kwetu uko kwingine, kwenye vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo mwisho wake haubadiliki. "Afukuza" na "afukuze" zinatofautiana kwa irabu ya mwisho. Lakini "Waziri ajiuzulu" ni ameshaondoka, au ni watu wanaotaka aondoke? Wahariri makini huweka msemaji na nukta mbili mbele: "Wabunge: Waziri ajiuzulu". Hapo msomaji anajua kwamba waziri bado yuko ofisini.