Deputé wa jimbo si mgawa unga wa mafuriko

Mvua ikifurika Lubumbashi, deputé wa jimbo, yaani mjumbe wa Bunge la Jimbo, anayefika na magunia ya unga husifiwa kwamba ametimiza kazi yake. Sivyo. Msaada ni jambo jema, lakini Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006, kifungu cha 197, inalipatia Bunge la Jimbo kazi mbili: kutunga edi, yaani sheria za jimbo, na kuchunguza serikali ya jimbo pamoja na huduma zake. Maafa hupunguzwa hapo.

Kinachowapotosha wengi ni kalenda. Kikao cha bajeti hufunguliwa mwishoni mwa Septemba, nayo mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba. Fedha ikipitishwa Desemba ni ya mwaka unaofuata. Haizibui mtaro hata mmoja kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo fedha ya mitaro lazima iwe imeandikwa katika bajeti ya mwaka uliotangulia, ikitaja mtaro upi na kiasi gani. Fungu linaloitwa "dharura" tu huishia kwenye mambo mengine, na hakuna wa kuulizwa.

Kikao cha Machi ndicho cha kubana. Deputé humwuliza waziri wa jimbo, kwa mdomo au kwa maandishi: fedha imetoka? Nani anachimba, kutoka wapi hadi wapi? Kiangazi, Mei hadi Septemba, ndiyo nafasi ya kazi. Jibu likiwa hewa, kuna tume ya uchunguzi.

Kuagiza tingatinga ni kazi ya gavana na mawaziri wake. Deputé akikuahidi tingatinga wakati wa kampeni, mwulize ameshawasilisha pendekezo gani la edi.