Hitaji: albamu ya kwanza ya Blu*3 na herufi H isiyotamkwa

Kazi yangu ni kuwafundisha waimbaji matamshi ya Kiswahili. Mtayarishaji wa muziki wa Kampala akitaka beti mbili za Kiswahili ili wimbo wake upate kuchezwa Nairobi na Dar es Salaam, hunipigia simu, nami huketi studio nikimsikiliza kijana akirudia neno lilelile mara ishirini. Neno ambalo limenichosha kuliko yote ni "hitaji", na ndilo jina la albamu ya kwanza ya Blu*3. Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza ilikuwaje wasichana watatu wa Uganda, nchi ambayo wengi wao husema Kiswahili ni lugha ya askari, wakajitambulisha kwa Afrika Mashariki kwa neno la Kiswahili, na watu wakawapokea. Nitajaribu kueleza kwa kadiri ninavyoona kutoka kwenye kiti changu cha studio.

Blu*3 haikuzaliwa baa wala kanisani, kama yalivyozaliwa makundi mengi ya hapa. Iliundwa mwaka 2004 katika shindano la Coca-Cola Popstars, lililoandaliwa kwa nchi tatu za Afrika Mashariki. Mfumo wa shindano lenyewe ulianzia New Zealand mwaka 1999: vijana wanachujwa mbele ya kamera, watazamaji wanaanza kuwapenda au kuwachukia, na kundi linapokamilika tayari lina mashabiki kabla halijarekodi hata wimbo mmoja. Kenya ilipata Sema, Tanzania ikapata Wakilisha, na Uganda ikawapata Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cinderella Sanyu, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Cindy. Tazama majina hayo. Wakenya na Watanzania walichagua vitenzi vya Kiswahili. Waganda walichagua rangi ya Kiingereza na tarakimu, kisha wakakimbilia Kiswahili walipofika kwenye jina la albamu. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa akili kuliko yote waliyoyafanya mwanzoni.

Ili kuuelewa uzito wake ni lazima kukumbuka Kiswahili kimebeba mizigo gani nchini mwetu. Tangu enzi za Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, ambaye mwaka 1929 alipinga waziwazi kukifanya lugha rasmi ya watu wake, Buganda ilikiona kuwa mgeni anayetaka kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, waliokuwa wakikiogopa walipata sababu mpya, kwa kuwa kilikuwa kinasikika kwenye kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Hali haikuwa hivyo kila mahali. Huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, anakotoka Chandiru, Kiswahili ni lugha ya soko na ya jirani, na hakuna anayeshtuka akisalimiwa kwacho. Lakini redio na studio zipo Kampala, na Kampala husikia kwa sikio la Kiganda. Mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kundi hili kuundwa, Bunge lilirekebisha Katiba na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Januari ya mwaka huohuo Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umeanza kazi. Sidhani kwamba mabinti wale walikuwa wakisoma magazeti ya Bunge. Ila anayedhamini shindano la nchi tatu huwa anafikiria soko la nchi tatu, na soko hilo lugha yake ni moja.

Sasa nirudi kwenye neno lenyewe, maana hapo ndipo ninapojua zaidi.

"Hitaji" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kama ndugu zake "fikiri" na "samehe", kitenzi chake hakiishii kwa -a. Kwa sababu hiyo hakibadiliki katika ukanushi: tunasema "sihitaji", hatugeuzi chochote mwishoni. Mwanafunzi wa Kampala, aliyezoea vitenzi vya Kibantu vinavyoishia kwa -a, humwona kitenzi huyu kama mtu asiye na mkia, na mara nyingi humshonea mmoja: "ninahitaja". Lakini kikwazo kikubwa kipo mwanzoni mwa neno. Maneno asilia ya Kiganda hayana sauti ya H. Mwimbaji husema "itaji", nami humwambia aweke kiganja mbele ya mdomo ahisi pumzi, naye huipuliza kwa nguvu hadi kipaza sauti kinaguna. Kati ya ukimya na mlio huo kuna H ya Kiswahili, nyepesi mno, na kuipata huchukua mchana mzima. L na R zinatusumbua pia, lakini hizo ni habari ya siku nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Mombasa atalibaini haraka. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "mahitaji", tukimaanisha unga, sukari, sabuni na karo ya mtoto. Hitaji moja, likisimama peke yake, ni neno la kitabuni kidogo, na ukilisoma kama amri linachekesha, kwa sababu hakuna anayemwamuru mwenzake ahitaji. Neno ambalo Mswahili wa Pwani angelisita kulitumia ndilo lililofaa kwa jina la albamu, kwa kuwa lilikuwa halijachoshwa na duka wala bajeti. Mgeni wa lugha huona wakati mwingine kitu ambacho mwenyeji amekizoea hadi hakioni.

Na masikio ya Kampala je? Kiganda cha "ninakuhitaji" ni "nkwetaaga". Yaimbe maneno hayo mawili polepole. Silabi inayobeba uzito katika "hitaji" ni TA, kwa sababu Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Na katika "nkwetaaga" irabu ndefu iko palepale, kwenye TAA. Maneno haya hayana undugu wowote, na sidai kwamba mtu yeyote alilipangia jambo hili. Lakini nimewahi kumfanyia jaribio mpiga ngoma mmoja asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji: nilimwimbia "nakuhitaji" bila kumweleza kitu, naye akajibu, "Mwalimu, huyo analilia mtu." Neno lilikuwa limemfikia kwa mdundo wake kabla ya maana yake.

Mapokezi ya nyumbani nayakumbuka kwa namna mbili. Vijana waliupenda wimbo uliobeba jina la albamu, wakaucheza kwenye sherehe za shule, na madereva wa taksi wakaongeza sauti ya redio. Wanamuziki wakubwa kwao hawakuwa wapole. Mpiga gitaa mmoja wa bendi ya hoteli aliwaita "mabinti wa soda", akiwa na maana kwamba hawakuwahi kulala kwenye viti vya ukumbi wakisubiri zamu ya kuimba saa tisa za usiku. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli na ilikuwa na wivu, na sijawahi kuweza kutenganisha kimoja na kingine. Kundi la televisheni hulipia madeni yake baada ya umaarufu, wakati wengine huyalipa kabla. Hadhira ya Kampala, inayopenda kusikia msanii akiimba na bendi bila kuegemea muziki uliorekodiwa, hulikumbusha deni hilo kila tamasha.

Jambo ambalo naona halikutendewa haki ni albamu yenyewe, kama mkusanyiko wa nyimbo. Siku zile albamu ilikuwa sababu ya kufanya tamasha la uzinduzi. Watu walichukua wimbo mmoja au miwili, wakainakili kwenye kaseti au sidii ya kuchoma, na nyimbo nyingine zikabaki kama vyumba vya wageni visivyofunguliwa. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 2006. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea sheria ya mwaka 1964, iliyoandikwa wakati hakuna aliyejua sidii ni nini. Msanii aliishi kwa kiingilio cha mlangoni, si kwa mauzo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kifedha ya kumtaka msikilizaji afike mwisho wa upande wa pili wa kaseti.

Hasara hiyo inaonekana ukisikiliza sauti tatu zile kwa makini, kwa sababu hazikufanana hata kidogo. Katika kwaya sauti ya kati ndiyo ngumu kuliko zote: sauti ya kwanza ina wimbo, ya tatu ina sakafu, ya kati inaishi kwa kusikiliza wenzake. Kundi lililochaguliwa na majaji huwa lina watu watatu waliozoea kuwa sauti ya kwanza, na kuwafundisha kupokezana kiti cha katikati ni kazi ya miaka. Yaliyofuata yalithibitisha ukubwa wa kila mmoja wao: Cindy aliondoka mwaka 2008, nafasi yake ikichukuliwa na Mya Baganda, na Cindy akajijengea jina katika muziki wa dansihoo (dancehall) kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, Mbabazi akaelekea kwenye muziki wa taratibu unaopigwa na bendi, Chandiru naye akaimba peke yake.

Mwaka jana nilikuwa harusini Mbale, na dijei akaupiga wimbo ule wa "Hitaji". Meza nzima ya akina mama iliinuka. Walijua kila mahali pa kuingilia, walijua hata pumzi zinavutwa wapi, na waliimba kwa sauti kubwa, wote kwa pamoja, bila H.