Itoe flashi juu ya kamera: picha za Idd sebuleni Ujiji

Sebule nyingi za Ujiji na mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma, siku ya Idd humpa mpiga picha shida zilezile. Watu kumi na tano wamebanana kwenye chumba cha mita nne kwa tano, dirisha lina pazia zito, na kanzu nyeupe zimekaa bega kwa bega na mabuibui meusi. Flashi ikiwa juu ya kamera, mjomba wa mbele anawaka, bibi wa kwenye kona anazama gizani, na kila kichwa kina kivuli cheusi ukutani. Wengi hapo huongeza nguvu ya flashi. Haisaidii, maana tatizo ni umbali. Itoe flashi kwenye kamera, iweke kwenye stendi yake, na uiwashe kwa triga, yaani vifaa viwili vya redio, kimoja kwenye kamera na kingine kwenye flashi.

Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiwa mara tatu, unabaki moja ya tisa. Flashi ikiwa mita 1 kutoka kwa mjomba na mita 3 kutoka kwa bibi, mjomba anapata mwanga mara tisa ya ule wa bibi. Rudisha stendi nyuma mita 2, umbali uwe mita 3 na mita 5, na tofauti inashuka hadi chini ya mara tatu. Ndiyo maana mimi huisukuma stendi hadi mlangoni ikibidi, nikaipandisha kupita mita 2, kisha nikaulenga mwamvuli wa kulainisha mwanga, uliofungwa mbele ya flashi, kwa bibi. Mjomba anaguswa na ukingo wa mwanga tu, ambao ni hafifu, na wote wawili wanakaribia kulingana.

Kwa mwamvuli mweupe wa kupitisha mwanga, anzia ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/5.6, shata 1/100 ya sekunde na flashi kwenye 1/8 ya nguvu yake, ikiwa mita 3 hivi kutoka kwa watu. Safu za watu zikiwa tatu nenda f/8, tundu dogo zaidi, na upandishe flashi hadi 1/4. Shata haibadilishi mwanga wa flashi, inabadilisha ule wa balbu. Ukiona chumba kina giza nyuma ya watu, shuka hadi 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo balbu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na taa za LED za bei rahisi huchora mistari kwenye picha ukipandisha shata sana. Kamera nyingi pia hugoma kupatana na flashi ya kawaida baada ya 1/200 au 1/250: shata ina mapazia mawili, na la pili linakuwa limeanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na picha inatoka na utepe mweusi.

Otomatiki ya TTL, ambayo kamera hujipangia yenyewe nguvu ya flashi, izime. Ikiona kanzu nyingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, nyuso zinakuwa nyeusi mno. Wakiingia akina mama wenye mabuibui inafanya kinyume, na nyuso zinapauka. Ukiweka nguvu kwa mkono, mwanga unabaki uleule nani akae nani aondoke. Pima kwa kanzu iliyo karibu zaidi na flashi: mikunjo yake ionekane. Ikishatoweka kwenye weupe, hakuna programu itakayoirudisha.

Dari la jipsamu jeupe ni zawadi. Elekeza flashi juu na chumba chote kinalainika. Nyumba zenye mabati na mbao tupu hazina hilo, na ukuta wa kijani utawapaka watu ukijani. Hapo tandaza shuka jeupe ukutani, lisipungue mita 2 kwa 1.5, upige flashi humo.

Kabati la vyombo, televisheni na miwani ya babu hurudisha mwanga kwa pembe ileile uliyoingilia. Sogeza stendi pembeni au ipandishe mpaka mng'ao huo ulio kama nyota upotee. Babu akiinamisha kidevu kidogo inatosha.

Betri ziwe nne za kuchaji za NiMH, na nne nyingine mfukoni. Zile za kutupa huchelewa kuijaza flashi, nawe unapiga picha ya kwanza nzuri, ya pili nyeusi. Flashi isipowaka kabisa, angalia kwanza kama imelala, yaani imejizima ili kuokoa betri, halafu kama triga zote mbili ziko chaneli moja. Na ning'iniza dumu la maji la lita 5 kwenye stendi, kwa sababu watoto wa Idd hawatembei, wanakimbia.

Wakati wa sinia mambo hubadilika. Watu wanainama juu ya pilau, kofia zinafunika macho, na mwanga wa kutoka darini unawaacha na mashimo meusi usoni. Shusha flashi hadi usawa wa kiti cha kochi, ielekeze ukutani, na uombe kitambaa cheupe kitandikwe chini ya sinia. Kitambaa hicho ndicho kinachorudisha mwanga chini ya kofia.