Fort Jesus: tazama ukuta kabla ya mizinga

Wageni wengi ninaowatembeza Fort Jesus, Mombasa, hukimbilia mizinga. Hupiga picha, huuliza choo kiko wapi, kisha hutoka wakiamini wameiona ngome ya Wareno. Kazi yangu ni mambo ya kale, na mazoea yangu ni kumsimamisha mgeni langoni kwanza atazame kuta. Ndizo zinazoonyesha nani aliwahi kuishika ngome hii, na Wareno ni baadhi tu ya hao.

Walioanza ni wao, hilo halina ubishi. Mwaka 1593 waliianza juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa Bandari ya Kale, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Zunguka upande wa nchi kavu uone buruji mbili, yaani minara minene ya ulinzi iliyochomoza kwenye pembe za ukuta, San Felipe na San Alberto. Zimekatwa pembe zinazotazamana, hivyo adui aliyefika chini ya moja alipigwa kutoka kwa ya pili. Hakuwa na pa kujibanza.

Lakini hatari nyingine haikuhitaji kuparamia ukuta. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia, alimuua kapteni wa Kireno na kuitwaa ngome. Wareno waliirudia mwaka uliofuata, na mwaka 1635 wakachonga juu ya lango maandishi ya kujisifu kwa jinsi walivyoiadhibu pwani. Yapo hadi leo. Watu hupita chini yake bila kuinua macho.

Waomani walipoizingira mnamo Machi 1696, maradhi yaliua kuliko risasi. Ilifika wakati, mwaka 1697, askari wa Kireno wakamalizika, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa Waswahili kisiwani Pate, na watu wake mpaka msaada ulipofika kwa bahari. Waswahili wakiilinda ngome ya Mreno dhidi ya Mwomani! Siasa za pwani hazikuwa nyepesi kama tunavyopenda kuzisimulia, na mtembezaji anayekiruka kisa hiki huniudhi. Jahazi la vita lililoleta msaada, Santo António de Tanná, lilizama papo hapo mbele ya ngome mwaka huohuo. Wapiga mbizi walilichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na baadhi ya vyombo vyake vimo katika ukumbi wa maonyesho. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Baada ya hapo kuta ziliinuliwa zaidi. Panda Nyumba ya Waomani, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18 juu ya San Felipe. Dirishani unauona Mji wa Kale wote. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, walitawala Mombasa hadi Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipowang'oa mwaka 1837. Kisha Waingereza wakaigeuza ngome kuwa jela, 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Miaka hiyo 63 ya jela husimuliwa kidogo mno kwa maoni yangu, ilhali ndiyo iliyo karibu nasi zaidi.

Usiondoke bila kuiona michoro ya askari wa Kireno: meli, makanisa na watu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Mikono haikuwa ya mafundi, lakini milingoti na matanga yamechorwa na mtu aliyeyajua vizuri. Mimi naipenda kuliko mizinga yote.

Ukitoka, uliza maji yako vipi. Yakiwa yamekupwa, teremka upande wa bahari uone jinsi mawimbi yanavyoutafuna mwamba unaobeba ngome. Kuna ukuta mpya uliojengwa kuyavunja. Haupendezi machoni, na wapo wanaoulalamikia, lakini bila kinga ya aina hiyo msingi ungezidi kulika.